Simenti Wanayoipenda Sisimizi

Rumonge, Jumatatu 22 Aprili 2024

Mzee Melkiades,

Amahoro kwako na kwa mama Generoza. Ninaandika kwa sababu tangu uache masikio yako ziwani huko Kigoma kwa kupiga mbizi, kukupigia simu ni sawa na kulipigia jiwe. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema hivyo siku ulipomrudishia mjukuu wako simu aliyokununulia. Barua hii inaletwa na Kezia, yule mama wa mawese anayepita Gitaza. Mpe majibu yeye huyo huyo.

Unakikumbuka kituo cha pampu cha hapa kwetu, kile tulichokijenga 2010, wewe fundi mkuu na mimi mbeba ndoo. Mwaka huu ziwa limepanda mpaka limeingia kwenye nyumba za watu. Pale kituoni limepita alama yako nyekundu ya kimo cha maji kwa zaidi ya mita moja. Ukuta wa upande wa ziwa umepata ufa. Ufa huo umelala, haukusimama wima. Uko mita nne chini ya maji, na urefu wake ni kama mkono wangu na nusu. Kwa ndani, kwenye shimo la pampu, maji yanaingia mchana kutwa.

Shimo likijaa, mota inakufa, na mji mzima unarudi kuchota ziwani. Hema za kipindupindu tumeshaziona, sina haja ya kukueleza. Kwa hiyo lazima mtu akae ndani ya shimo, aangalie pampu ndogo inayotoa maji ya ufa na kusafisha kichujio chake kila nusu saa. Mtu huyo ni Ismaili, mdogo wangu. Yeye yuko upande mmoja wa ukuta, mimi niko upande wa pili. Nikishuka, ananigongea ukuta kwa spana mara tatu, nami ninamjibu kwa nyundo. Ndiyo mazungumzo yetu ya asubuhi.

Jumatano nilishuka na mpira wa kupumulia hewa, nikaziba ufa kwa ile simenti ya kushika haraka, kama ulivyonifundisha. Kizibo kimekaa siku mbili kikadondoka. Sina wasiwasi. Nataka tu kujua kama kuna kitu nimesahau.

Mwanao,
Amissi


Gitaza, Alhamisi 25 Aprili 2024

Amissi,

Umeandika "sina wasiwasi." Mtu asiye na wasiwasi hajazi kurasa mbili na kumbebesha Kezia barua kati ya madumu yake. Basi tuwe na wasiwasi wote wawili, tuanze kazi.

Kwanza, usizibe ufa juu kwa juu, hiyo ni rangi ya kucha. Chimba mfereji kwa patasi, mdomo mwembamba, tumbo pana, ili kizibo kikishaingia kisiweze kutoka. Pili, sugua kwa brashi ya waya mpaka uone kokoto. Tatu, koroga maziwa ya unga kwenye chupa ndogo, yafungulie karibu na ufa, uangalie uzi mweupe unavutwa wapi. Hapo ndipo ukuta unaponyonya, na hapo utaziba mwisho. Anza pembeni, malizia katikati.

Nne, na hii ndiyo uliyokuwa mvivu nayo tangu zamani: kanda mpaka mkono usikie joto. Simenti ikianza kupata joto ndipo unaisukuma ndani, unaishikilia kwa kiganja, unahesabu mpaka mia tatu. Usivae glavu. Ndani ya glavu mkono ni kipofu, hautajua lini imeanza kushika.

Mwambie Ismaili ngazi yake ifungwe kwa waya, isiegemezwe tu. Na unipimie kitu kimoja: kutoka sakafu ya ukuta hadi kwenye ufa, kimo chake ni kiasi gani? Sababu nitakueleza siku nyingine.

Msalimie mkeo Zainabu.

Mzee wako,
Melkiades


Rumonge, Jumatatu 29 Aprili 2024

Mzee,

Nimefanya yote. Nimechimba tumbo pana na mdomo mwembamba, nimesugua mpaka kokoto zikacheka. Maziwa nayo yalinionyesha panaponyonya, ni upande wa kushoto, ambapo kidole changu cha mwisho kinaweza kuingia. Nikaanza pembeni. Nilikanda, nikasikia joto, nikahesabu mpaka mia tatu, nikaongeza hamsini za heshima yako.

Vizibo vitatu. Vyote vimedondoka. Cha kwanza usiku ule ule, vingine jana. Nilivikuta chini kwenye mchanga, vizima, havijavunjika hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha, mzee. Kama vingevunjika ningesema simenti ni mbovu. Hivi ni vigumu kama jiwe, ila havitaki ukuta.

Ufa umeongezeka kiganja kimoja. Kimo ulichoniuliza ni mita moja na sentimita arobaini. Hukunieleza sababu ya kuuliza, nami sikuulizi.

Enjenia Jean-Pierre alikuja Ijumaa kutoka Bujumbura, akaangalia shimo, akakuna kichwa. Akasema: "Amissi, ile pampu kubwa siwezi kuisimamisha kila siku ili uzibe, mji iko na kiu. Nakupa Jumamosi tatu. Ya mwisho ni tarehe kumi na moja. Ikishindikana, natoa watu, naacha maji iingie." Nikamuuliza mji utakunywa nini. Akapanda gari lake akarudi.

Nyumbani nimemwambia Zainabu kwamba Ismaili anafanya kazi ya kuhesabu mabomba kwenye stoo. Usiniumbue.

Amissi


Gitaza, Alhamisi 2 Mei 2024

Amissi,

Huenda saruji ni ya zamani, ilipata unyevu kwenye mfuko. Fungua mfuko mpya, ponda kidogo kati ya vidole, kama kuna punje usiitumie.

Lakini kizibo kizima kisichotaka ukuta, hicho sijawahi kukiona. Niletee kimoja. Kifunge kwenye kitambaa safi, kikiwa hivyo hivyo, usikioshe. Nataka kuona mgongo wake, ule uliobusu ukuta.

Kuhusu kimo, nimepokea.

Melkiades


Rumonge, Jumatatu 6 Mei 2024

Mzee,

Hicho hapo kwenye kitambaa. Ni cha Jumamosi. Mfuko ulikuwa mpya, niliufungua mwenyewe, unga wake laini kama poda ya mtoto. Kimeshika Jumamosi, kimeachia Jumapili alasiri, na safari hii kilitoka Ismaili akiwa amesimama karibu. Maji yalimpiga kifuani yakamwangusha. Alijishika kwenye ngazi. Ni ile ngazi uliyosema ifungwe kwa waya, mzee, na ninakushukuru kwa hilo kuliko kwa yote uliyonifundisha.

Nilimwambia apande, aache. Akanijibu: "Yaya, kaka yangu, nikipanda hii mota inakufa, na mama kule Kizuka iko anakunywa maji gani?" Ana miaka ishirini na minne, anaongea kama mzee wa mtaa. Maji sasa yanamfika kwenye muundi wa mguu muda wote.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu hapa hakuna wa kumwambia. Ninaogopa. Nikiwa chini ninaweka kiganja ukutani kusubiri zile spana tatu, na ninahesabu mpaka zije. Jana zilichelewa. Alikuwa anasafisha kichujio tu. Nilipopanda juu nilikwenda moja kwa moja mdomoni mwa shimo kumwangalia.

Imebaki Jumamosi moja. Nijibu haraka.

Amissi


Gitaza, Alhamisi 9 Mei 2024

Mwanangu Amissi,

Kizibo chako kilifika Jumanne, Kezia alichelewa kwa kukosa gari lenye mafuta. Nilikiweka juani kwenye kichanja cha Generoza, pembeni ya ndagala, dagaa anaowaanika, ili kikauke nikiangalie vizuri. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kilikuwa kimejaa sisimizi. Walipita kwenye ndagala za watu bila kuzigusa, wakapanga mstari hadi kwenye simenti yako, na wote wako mgongoni mwake.

Miaka arobaini nimeshika saruji na sijaona sisimizi anayeila. Nikakichukua, nikakinusa. Mawese. Kwanza nikamshuku Kezia na madumu yake, lakini kitambaa ni safi, barua ni safi. Nikakipasua kwa nyundo. Ndani ni kikavu, kijivu, kizuri. Mbele hakuna kitu, ziwa limepaosha. Mgongo ndio unaong'aa rangi ya chungwa, laini kama sabuni. Mafuta yako upande wa ukuta.

Sasa nikueleze sababu ya kuuliza kimo. Mita moja na sentimita arobaini ndipo tuliposimamisha kumwaga zege, mwaka ule, siku ya Idi. Nilikuwa na vibarua kumi na sita, kumi na wanne Waislamu, nikawapa ruhusa, nikasema tutamalizia kesho. Kesho yake tulipandisha mbao, na mbao tulizipaka mawese ili zisishikane na zege, kwa sababu hapo Rumonge mafuta mengine ya kazi hayakuwepo. Yakachuruzika juu ya zege ya jana. Ilipasa kuosha na kukwaruza. Nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, nikamwaga juu yake bila kukagua. Nilishuku siku ile, na nimeshuku kila siku tangu hapo.

Kwa hiyo ufa huo ni wangu. Vizibo vyako havina kosa. Ukuta wenyewe umekunywa mafuta pale kwenye maungio, na unayatema kila ukiuwekea kitu. Dawa ni moja, kuchimba zaidi mpaka upite mafuta. Ukuta una unene wa sentimita arobaini. Chimba mpaka ishirini. Usipite hapo hata kwa kidole, kwa sababu nyuma yake ni Ismaili.

Nisamehe. Ningesema mapema ungeokoa Jumamosi mbili.

Melkiades


Rumonge, Alhamisi 9 Mei 2024

Shikamoo mzee Melkiades,

Mimi ni Zainabu, mke wa Amissi. Tulionana mara moja kwenye arusi yetu, ulicheza vizuri bila kusikia ngoma. Kezia amekuja sasa hivi na barua yako kwa Amissi. Yeye ameichukua ameenda nayo ukumbini, na mimi ninaandika hii jikoni haraka ili Kezia aondoke nayo kesho asubuhi. Yeye hajui kwamba ninakuandikia.

Ninajua kila kitu. Ile habari ya stoo na mabomba nilijua ni uongo siku ya kwanza, kwa sababu shemeji huniletea mimi suruali yake niifue, na mtu anayehesabu mabomba harudi na suruali iliyoloa hadi gotini. Jumapili alikuja na kifua chekundu. Nikamuuliza. Akasema, "Shemeji, usilie, usimwambie yaya." Kwa hiyo Amissi ananificha, Ismaili ananificha, mimi ninawaficha wote wawili kwamba ninajua. Nyumba yetu sasa imekaa hivyo.

Ninataka kukuuliza kitu ambacho siwezi kumuuliza mume wangu. Labda kosa ni langu. Amissi ana mikono ambayo simenti inaila. Mama mkwe yuko Kizuka, anakamua mawese yake mwenyewe, na alinipa chupa, akasema, "Umupake mikono kabla ya kuingia ku maji, na umusomee." Basi kila siku anapokwenda kuziba, alfajiri, baada ya swala, ninayasomea yale mafuta, ninampaka vidole, viganja, mpaka kwenye kifundo. Yeye hufumba macho. Ni dakika zile tu ambapo ninamwona ametulia.

Kizibo cha kwanza kilipodondoka, nilisema labda nilipaka kidogo. Nikampaka hadi kiwiko. Vya pili vikadondoka, nikampaka hadi begani, mara mbili, nikasoma sura ndefu zaidi. Na bado. Nimejiuliza kama nilikuwa na udhu kamili. Nimejiuliza kama ni kwa sababu tuligombana mwezi wa Shaabani. Wewe ulikaa naye siku nyingi majini. Kuna kitu kingine nimpake? Au nimwambie mama mkwe alete chupa nyingine kabla ya Jumamosi?

Nisaidie, mzee. Nikipoteza mmoja wao nimepoteza wote wawili, maana atakayebaki hatakuwa mtu tena.

Zainabu


Gitaza, Ijumaa 10 Mei 2024, alasiri

AMISSI, SOMA HII KABLA HUJAFUNGA KAMBA.

USICHIMBE. Kama umeanza, simama pale pale. Barua yangu ya jana ichome.

Mafuta hayatoki ukutani. Yanatoka mikononi mwako. Ni mawese unayopakwa asubuhi. Unakanda saruji kwa mikono yenye mafuta, saruji inavaa mafuta, haiwezi kushika kitu. Nilitazama mgongo wa kizibo nikaona kosa langu la zamani, kwa sababu ndilo nililokuwa ninalitafuta. Sikuuliza juu ya mikono. Nilikufundisha kuacha glavu, sikukufundisha kwamba mikono lazima iwe safi kama ya mtu anayekwenda kula.

Nawa kwa majivu na sabuni ya unga mpaka begani, mara tatu. Halafu mtu akumiminie maji kwenye mkono. Maji yakikaa kama shanga, bado una mafuta, rudia. Yakitandaa ngozi yote, shuka. Ziba pale pale ulipokwisha kuchimba, usiongeze hata tundu la sindano.

Simenti itakuchoma. Ninakuambia wazi. Vizibo kumi kwa mikono mitupu, ngozi itatoka. Ukipanda, osha kwa maji mengi, kisha ndimu, kisha ndiyo upake mafuta.

Usimwambie Zainabu kwamba ni mafuta yake. Mwambie mzee amekosea kufundisha, maana ndivyo ilivyo. Dua yake aisome juu ya maji ya kunawa.

Mjukuu wangu amepiga simu ya Zainabu mara tisa, haipatikani. Magari hayana mafuta. Nimempa Éphraïm barua hii, yule wa ndizi, ataondoka kesho kukipambazuka kwa baiskeli. Amesema akipata lori la kushika nyuma atafika saa tatu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ninaomba mtu ashike lori.

Melkiades


Gitaza, Jumatatu 13 Mei 2024

Amissi,

Éphraïm hajarudi. Kezia hakuja. Mke wangu ameongea na watu barabarani, wanasema huko Rumonge kuna watu wamekusanyika ziwani Jumamosi, lakini mmoja anasema ni kwa ajili ya kiboko na mwingine anasema ni harusi.

Sikuwa na haki ya kukupa namba ile ya ishirini. Nilikaa hapa kwenye kiti, mbali kilomita hamsini, nikakuambia uchimbe ukuta ambao mdogo wako ameegemea. Jana kanisani sikuweza kusimama wakati wa kuimba. Huwa ninasimama nikiona wengine wanasimama. Jana niliwaona, nikabaki nimekaa.

Andika neno moja. Hata Zainabu aandike. Lolote lile, ila niandikieni.

Melkiades


Rumonge, Alhamisi 16 Mei 2024

Mzee Melkiades, shikamoo,

Anayeandika ni Zainabu, anayesema ni Amissi, kwa sababu mikono yake imefungwa vitambaa na haiwezi kushika kalamu. Wapo wote wawili, yeye na Ismaili. Nimeandika hilo kwanza ili usisome kwa kuruka mistari.

Éphraïm alipasukiwa tairi karibu na mji wakati wa kuja, akaisukuma baiskeli hadi kwetu. Wakati wa kurudi gurudumu lenyewe likapinda, ndiyo maana amekaa hapa mpaka leo. Kezia amepata gari jana tu.

Sasa Amissi ananiambia niandike, "Kazi imekwisha, ukuta umekauka, tunashukuru." Nimemwambia hiyo ni telegramu, siyo barua. Ametoka kwenda kukaa na Ismaili uani, kwa hiyo ya katikati nitaandika mimi.

Uliandika asiniambie. Mimi ndiye niliyeifungua. Éphraïm aliileta nyumbani, saa tatu na nusu, Amissi alikuwa ameshaondoka, na juu umeandika kwa herufi kubwa. Nilisoma nimesimama mlangoni. Mzee, sitakuficha, niliposoma "ni mawese unayopakwa asubuhi" nilirudia mstari ule mara mbili. Asubuhi ile nilimpaka mpaka shingoni. Nilitumia chupa nzima. Yeye alicheka akasema ninamkaanga.

Nikachukua majivu ya jiko kwenye beseni, nikachukua Omo, nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Ziwani nikamkuta mshika kamba tu, Amissi yuko chini, na kutoka kwenye shimo enjenia anapiga kelele. Amissi alikuwa amechimba. Alifika kwenye sentimita kumi na mbili, patasi ikazama yenyewe. Upande wa ndani kilitoka kipande cha ukuta ukubwa wa ngumi, na maji yakamfika Ismaili kiunoni. Enjenia anamwambia toka, Ismaili ameshika pampu ndogo kwa mikono miwili juu ya maji isizame, hatoki.

Nilimnyang'anya mshika kamba kamba yake. Nikavuta mara tatu. Hakupanda. Nikavuta tena mpaka nikadhani nitamkata kiuno. Akatoka majini na macho ya kugombana, akaniona mimi, akaangalia beseni. Nikamwambia, "Lete mikono. Usiniulize." Nilimsugua kwa majivu na Omo pale kwenye mawe, watu wote wanatazama, mpaka begani, mara tatu, nikalia juu yake. Nilisoma dua yangu kwenye yale maji kama ulivyosema. Mara ya kwanza maji yalikaa shanga. Ya pili, shanga. Ya tatu yakatandaa. Nikamwambia shuka.

Alishuka na simenti kwenye ndoo yenye mfuniko. Nilihesabu vizibo kwa kamba, kila kimoja alivuta mara moja. Kumi na kimoja. Baada ya cha saba alianza kuchelewa. Enjenia alikuja akakaa kando yangu kwenye mawe na viatu vyake vya mjini. Kile cha kumi na moja kilikuwa cha pale panaponyonya. Akakaa nacho. Mimi nilihesabu mia tatu zako, nikafika mia nne, kamba haisogei.

Amissi ndiye aliyenieleza baadaye. Alikuwa anasubiri zile spana tatu. Aliweka kiganja ukutani, lakini kiganja kilikuwa kimeungua, hakisikii. Hakujua kama Ismaili ameacha kugonga au ni mkono wake umekufa. Basi akasogea, akaweka shavu kwenye ukuta, kwenye simenti yake mwenyewe iliyokuwa bado na joto. Akasikia moja. Mbili. Ya tatu, anasema, ilichelewa kidogo kwa sababu Ismaili alikuwa anacheka.

Shavu pia limeungua, upande wa kulia. Nilipaka ndimu, alilia kama mtoto, ndipo nikapaka mawese. Kila siku baada ya magharibi ninampaka, kwa zamu, ndimu kisha mafuta. Mama mkwe ameleta chupa nyingine kutoka Kizuka. Nimemweleza saa mpya ya kupaka, amenuna kidogo, halafu amekubali.

Amissi amerudi, anauliza mbona nimejaza kurasa. Anataka niandike jambo lake mwenyewe, neno kwa neno, na nisiongeze. Haya:

"Mzee, siku ile baada ya Idi, aliyeshika kopo la mawese nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Uliniita ukaniambia, Amissi, futa yale yaliyochuruzika, kwaruza vizuri. Nikakujibu nimefuta. Sikufuta. Pilau la jana yake lilikuwa limebaki nyumbani, nilitaka kuwahi. Wewe uliniamini ukamwaga. Uliponiuliza kimo cha ufa nilijua unatafuta nini, nikakupimia, nikanyamaza. Barua yako ya kuniomba msamaha nilisoma nikajificha ukumbini. Miaka kumi na minne umebeba ndoo yangu. Iteremshe."

Ndiyo maneno yake. Amemaliza kuyasema akiwa ameangalia ukuta.

Cha mwisho ni changu. Kizibo cha kumi na mbili hakikuhitajika, Amissi alipanda nacho kimeshashika ndani ya ngumi, tukakitoa kwa shida. Nimekiweka dirishani jikoni, juani, karibu na kopo la sukari. Leo ni siku ya tano. Kila asubuhi, kabla Ismaili hajashuka shimoni kukagua ukuta, ninakwenda kuangalia, maana ile barua yako ya sisimizi nami nimeisoma. Sisimizi wanapanda dirishani, wanakifikia, wanakizunguka, wanakwenda zao kwenye sukari.

Binti yako,
Zainabu